Nilimwona kwa Macho Yangu

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 19, nakaa kwa mjomba wangu Ngamiani, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia dukani. Duka lilikuwa la vipuri vya baiskeli. Anayeijua Tanga ataelewa: mji tambarare, baiskeli kila kona, mwenye kuuza spoku na cheni halali njaa. Mjomba alikuwa na fundi mmoja, kijana aliyenizidi miaka mitatu minne, ambaye hapa nitamwita Shaibu ingawa si jina lake. Mkimya, mkono mwepesi, na mguu wa kulia akiuvuta kidogo tangu alipoanguka mnazini utotoni.

Ijumaa moja umeme ulikatika mtaa mzima. Natoka msikitini baada ya magharibi, nakata uchochoro wa nyuma ya duka, mara naona mtu anatoka mlango wa uani na boksi begani. Boksi la cheni, nililijua kwa ile kamba yake ya plastiki. Shati la buluu. Mwendo wa kuchechemea. Kiasi cha hatua thelathini hivi kutoka nilipokuwa, aligeuza uso mara moja upande wangu, kisha akakunja kona akapotea. Sikumwita. Nilidhani ametumwa.

Asubuhi mjomba akahesabu mali yake, boksi halipo. Wiki ile nzima alikuwa akilalamika kuwa vitu vinapungua, na kila akilalamika jicho lake lilikuwa linatua kwa Shaibu. Nikamwambia nilichokiona. Mjomba hakuwa mtu wa pupa. Aliniuliza swali moja tu.

"Uso umeuona?"

"Nimeuona, mjomba. Nimemwona kwa macho yangu."

Sikusema uongo. Narudia: sikusema uongo. Mwongo anajua anachokificha. Mimi nilikuwa na uso wa Shaibu kichwani, umegeuka, paji linang'aa jasho, jicho moja dogo kuliko jingine kama alivyo hasa. Ningeletewa msahafu ningeapa.

Shaibu akaondoka asubuhi ileile. Alisema Ijumaa jioni alikuwa Sahare kwa mama yake. Sahare si mbali, kwa baiskeli ni muda mfupi tu. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Miezi mitano baadaye cheni zile zikaonekana Muheza, na aliyekuwa akiziuza alikuwa mtu wa nyumbani kwetu kabisa. Simtaji, damu ni damu. Alikiri mwenyewe: Ijumaa ile, mlango ule, saa ileile. Hana kilema chochote. Alichechemea kwa sababu boksi la cheni ni zito na lilimlalia bega moja. Na shati lake lilikuwa la kijani. Mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ya macho hospitalini miaka mingi, alikuja kunieleza baadaye kwamba giza likianza kuingia, zile chembe za jicho zinazobagua rangi huacha kazi, zikabaki zile zinazojua mwanga na kivuli tu. Kwa hiyo buluu ile sikuiona. Nilijua Shaibu ana shati la buluu, basi nikamvisha.

Mjomba alimtafuta Shaibu amwombe radhi. Wengine walisema amevuka Mombasa, wengine walisema yuko mashamba ya mkonge. Hakumpata. Mwaka 2006 akafariki na deni lake.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Lililonifanya niandike ni kwamba mpaka leo, nikifumba macho na kurudi kwenye uchochoro ule, anayegeuka ni Shaibu. Nimejaribu kuubandika pale uso wa yule ndugu yangu, na ninaujua vizuri, tumekula sahani moja. Haukai. Unateleza kama gamu kwenye mpira wenye mafuta. Najua nilichokiona si kweli, na bado nakiona.

*

Siku zile nilimwendea ustadhi wangu wa chuoni. Nilitaka aniambie nina dhambi au sina, niondoke. Hakuniambia. Alichukua kijiti akakichomeka uani, akaniambia nikae nikitazame kivuli chake.

Kijiti kile nilikijua. Tulipokuwa watoto ndicho tulichofundishiwa wakati wa sala: kivuli kikifika urefu wa kijiti chenyewe, ukajumlisha na kile kidogo kilichokuwapo jua lilipokuwa utosini, alasiri imeingia. Nikakaa. Akaniuliza, "Kinatembea?" Nikasema hapana, kimetulia. Akaingia ndani, akatoka na chai, tukazungumza habari za watu. Tuliporudi kukitazama kilikuwa kimesogea upana wa vidole viwili.

"Sasa ulikiona kikitembea saa ngapi?"

Ndipo akanipa habari ya Imamu Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111. Alipokuwa mtu mzima alisimulia jinsi alivyopatwa na shaka kubwa akiitafuta elimu isiyoweza kutikisika. Alianza na milango ya fahamu, na hasa jicho, kwa kuwa ndilo lenye nguvu kuliko yote. Akasema: jicho linatazama kivuli na kutoa hukumu kwamba kimesimama, kumbe hakisimami hata nukta. Linatazama nyota na kuiona ndogo kama dinari, na hesabu zinaonyesha ni kubwa kuliko ardhi. Basi kama akili imeweza kuja ikamkadhibisha jicho, akajiuliza, nani ajuaye kama nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine ambaye akitokea ataikadhibisha na akili? Mbona mtu akiwa ndotoni haoni shaka na anayoyaota mpaka aamke? Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili. Na mwenyewe alisema hakutoka kwa hoja wala kwa dalili alizozipanga, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Mimi nuru hiyo sijajaaliwa. Nilichopata ni gololi.

Yule mzee mstaafu wa macho ndiye aliyenionyesha. Siku hiyo alikuja nimtengenezee gurudumu, nami nina kopo la gololi juu ya meza. Akachukua mbili, akazigandisha kwa grisi juu ya kitambaa changu cha plastiki cha mirabaraba, moja kushoto moja kulia, nafasi kati yake kama upana wa kiganja. Akaniambia niinamishe kichwa, uso uwe karibu na meza kwa kadiri ya rula ya shule, nifumbe jicho la kushoto, na kwa hili la kulia niikazie macho gololi ya kushoto tu. Nisogee taratibu, mbele, nyuma. Gololi ya kulia nilikuwa naiona kwa pembeni, inang'aa. Mara ikafutika. Haikuwa na ukungu wala giza. Haikuwapo tu. Na pale ilipokuwa, kitambaa kiliendelea na mirabaraba yake safi, mstari mwekundu unaungana na mstari mwekundu.

Kila jicho, alisema, lina sehemu ambapo mshipa wa kuona unatokea kwenda kwenye ubongo. Hapo hapana chembe ya kupokea mwanga. Ni kipofu. Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, ndiye aliyelibaini jambo hilo katika miaka ya 1660, ina maana binadamu walikaa karne zote na tundu mbili katika ulimwengu wao wasijue. Tundu hilo hulioni kwa sababu ubongo unaliziba kwa kutumia kilicho jirani.

Mimi ni mtu wa pancha. Najua kiraka. Lakini fundi akikuziba pancha anakwambia, na anakudai. Huyu wa kichwani anaziba usiku na mchana bila kukwambia, na kiraka chake hakionekani mshono. Nilikaa na gololi zile mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Wazee wetu wa pwani walisema usione vyaelea, vimeundwa. Walisema juu ya vyombo vya baharini. Mimi siku hizi nikiisikia naifikiria picha yenyewe ya chombo kile ndani ya kichwa changu, tanga, ngalawa na maji yake. Navyo vimeundwa.

*

Hapa niseme jambo la lugha, maana limenikaa. Sisi tunasema naona baridi, naona njaa, naona haya. Tunasema nasikia harufu, na anayejifunza Kiswahili hushangaa harufu inasikiwaje. Ukitaka mawazo ya mtu unamuuliza, unaonaje? Naye anakupa maoni yake. Maoni! Neno limetoka tumboni mwa kuona. Mtu akisema "hayo ni maoni yako" anamaanisha si lazima yawe kweli, lakini akisema "nimeona" tunanyamaza wote kama vile hukumu imeshuka. Kumbe ni mtoto na mama yake. Sijui kama waliotuachia lugha walilikusudia hilo au limetokea tu, na sitaki kujifanya mtaalamu. Ila ningekuwa na lugha yangu vizuri mwaka 1994, mjomba aliponiuliza, ningejibu: maoni yangu ni Shaibu.

*

Mwaka juzi binti yangu, yuko kidato cha pili, alinishika nimpeleke Amboni pamoja na wenzake watatu. Mapango yapo kilometa nane hivi kutoka mjini, njia ya kwenda Horohoro. Aibu kusema, lakini nilikuwa sijaingia tangu nikiwa mdogo. Wa Tanga ndivyo tulivyo, wageni wanatoka Ulaya kuja kuangalia, sisi tunapita barabarani na mizigo yetu.

Jambo moja nilikuwa nalijua kuhusu Amboni tangu sijaota meno: kwamba pango linatokea Mombasa. Wengine wanasema Kilimanjaro, na kuna kisa cha Mzungu na mbwa wake aliyeingia huku akaonekana kule. Kila mtu Tanga analijua hili. Nilimwambia binti yangu njiani kwa uhakika wa mtu aliyepita mwenyewe. Baadaye nikasoma kuwa mwaka 1994, mwaka uleule wa balaa langu, wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliingia wakapima. Walikuta mapango kumi mbalimbali, na refu kuliko yote halizidi mita 900. Nimewaambia watu watano habari hiyo. Wanne wamenijibu kuwa hawakufika mwisho.

Tukaingia na kiongozi, kijana mchangamfu mwenye tochi kubwa. Ndani kuna ubaridi na harufu ya popo, mawe ya chokaa yametafunwa na maji karne kwa karne. Tulipita mahali pa mzimu, pana chupa za marashi na vitambaa ambavyo watu wameviacha na haja zao. Kisha akaanza kutuonyesha. "Hapo kuna mamba." Nikatazama, naona jiwe. "Huyu mdomo, hili jicho, mkia unapanda huku." Akapitisha mwanga wa tochi polepole juu ya ukingo, na mamba akatoka ukutani. Baada ya mamba tembo, baada ya tembo meli, baada ya meli ramani ya Afrika. Kila kitu ni jiwe mpaka kitajwe jina. Kikishatajwa, jiwe halirudi. Tulipopita tena pale wakati wa kutoka nilijitahidi kumwona mamba kama jiwe tupu, nikashindwa.

Nilisimama pale mpaka wakaniacha nyuma, maana nilikuwa nimekumbuka jicho la mjomba lilivyokuwa likitua kwa Shaibu wiki nzima. Mamba alikuwa ameshatajwa kabla mimi sijaingia uchochoroni.

Halafu tukafika chumba cha ndani. Kiongozi akasema tuzime tochi zote na simu zote, hata saa inayowaka ifunikwe. Akazima ya kwake. Giza la Amboni si giza la usiku. Usiku hata usipokuwa na mwezi jicho linazoea, baada ya muda unaona ukuta. Lile halizoeleki. Nyuma ya pango hakuna mwanga hata chembe, kwa hiyo hakuna cha kuzoea. Ukifumbua au ukifumba ni mamoja.

"Inueni mkono mbele ya uso, mpunge," akasema. "Nani anauona?"

Nikapunga. Nikauona. Kivuli cheusi zaidi ya weusi, kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, vidole vimetanuka.

"Naona!" nikasema, na mwenzake mmoja wa binti yangu akasema naye anaona. Binti yangu akasema, "Baba, mimi sioni kitu." Wengine wawili wakacheka tu. Nikahisi fahari ya kipumbavu kuwa na macho makali kuliko ya mtoto.

"Haya, mzee," kiongozi akasema, karibu nami sana, "na sasa?" Nikatulia. Nikasema sioni kitu. Akawasha tochi. Kiganja chake kilikuwa mbele ya pua yangu, kinapunga.

Mkono wake sikuuona. Wangu nilikuwa nauona. Katika giza lilelile.

Niliporudi nilitafuta mpaka nikapata maelezo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, akina Kevin Dieter na Duje Tadin, walitoa utafiti waliofanya na watu 129 juu ya jambo hilihili. Karibu nusu ya watu, wakipunga mkono wao katika giza kamili, wanauona ukipita. Jicho halipokei chochote. Ila ubongo ndio unaoamuru mkono usogee, na maisha yako yote kila ulipousogeza mbele ya uso ulikuwa unauona, basi unakutolea picha kabla ya kuulizwa. Mkono wa mtu mwingine hauna habari nao, hautoi picha. Watafiti walipowapima kwa chombo kinachofuata mwendo wa macho, waliosema wanaona macho yao yaliufuata mkono kwa ulaini kuliko ya waliosema hawaoni. Kwa hiyo hawakuwa wanajitia. Walikuwa wanaona, kama neno hilo bado lina maana yake.

Sasa hapa ndipo kichwa kinaniuma, na wanaofundisha falsafa nadhani ndipo wanapokula mshahara wao. Mkono ule ulikuwapo. Ulikuwa kweli mbele ya uso wangu, kweli unakwenda kushoto na kurudi kulia. Nilichokiona kilikuwa sahihi kabisa, na macho hayakuhusika. Uchochoroni macho yalihusika, mwanga kidogo ulikuwapo, mtu alikuwapo, na nilichokiona kilikuwa uongo. Ukinipa mizani ya nje tu, nani amesema kweli na nani hakusema, pango linashinda uchochoro.

Mwaka 1963 Mmarekani aitwaye Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu, na wenzake wakagombana juu yake mpaka leo. Tangu zamani watu waliona kujua ni kuamini jambo lililo kweli ukiwa na sababu nzuri. Gettier akatoa mifano ya mtu mwenye imani, imani ni ya kweli, sababu anayo, na bado ukimsikiliza unajua hajui, amebahatisha. Wahindi walishaligusa karne nyingi kabla: katika karne ya 8 Dharmottara alitoa mfano wa mtu anayeona kitu mbali, akadhani ni moshi, akasema pale pana moto. Kumbe ni kundi la wadudu. Lakini wadudu hao wamefuata nyama, na nyama iko juu ya moto uliowashwa sasa hivi, bado haujatoa moshi. Moto upo. Je, alijua?

Nilimsomea mke wangu mfano huo wakati anakaanga samaki. Akasema, "Ameona moto, ameukuta moto, nini zaidi?" Nikamweleza habari ya mkono. Akanitazama. "Basi kesho usivuke barabara. Ukiona lori useme ni maoni."

Ana haki. Sipendi watu wanaosikia habari hizi kidogo wakatoka wakisema hakuna kinachojulikana, dunia yote ndoto. Kichwa kinachobahatisha ndicho kinachonivusha barabara kila siku, na mara nyingi mno kinapatia. Ghazali mwenyewe miezi miwili ilimtosha. Tatizo langu liko mahali padogo zaidi: kile kinachopatia na kile kinachokosea, ukiwa ndani, vina ladha moja. Hakuna kengele. Uso wa Shaibu haukuja na ukungu pembeni kunionya kwamba huu ni kiraka.

*

Kisa kimoja cha Marekani ndicho kilichonitoa nyumbani. Mwaka 1984 huko North Carolina mwanafunzi mmoja, Jennifer Thompson, alibakwa. Wakati wa unyama ule alijilazimisha kuukariri uso wa mtu yule, alama kwa alama, ili akinusurika aje amtaje. Akamchagua Ronald Cotton kwenye picha, akamchagua tena kwenye mstari wa watu, na Cotton akafungwa. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mtu aliyefanya kitendo hicho, Bobby Poole, aliletwa mahakamani. Thompson akamtazama na kusema hajapata kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha DNA kikasema ni Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi.

Thompson alisimulia kwamba hata baada ya kipimo, uso uliomjia katika ndoto zake mbaya ulikuwa wa Cotton. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Kumbe si mimi peke yangu. Na yeye hakuishia kusikitika, alimtafuta Cotton akamwomba radhi ana kwa ana.

Muuza samaki mmoja anayeleta mzigo mjini alikuwa ameniambia zamani kidogo kuwa Tongoni kuna fundi baiskeli mzuri, "yule anayevuta mguu." Nilikuwa nimelisikia hilo na kulifunika. Jumamosi iliyofuata nikapanda baiskeli nikashika njia ya Pangani. Ni kama kilometa ishirini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika kwenye kibao cha magofu, yale makaburi ya kale na msikiti, nilikuwa nimeyasahau yote.

Alikuwa chini ya mwarobaini, tairi limefungwa tawini kuwa ndiyo bango lake. Ameota mvi. Nikasalimia, akaitikia, akanikaribisha, akauliza baiskeli ina nini. Kisha akanitazama tena, akanitaja jina.

Nikasema nilichokwenda kusema. Vibaya, nikirudia rudia. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa, hakuacha kufuta.

"Mjomba hajambo?" akauliza nilipomaliza.

"Ametangulia. Mwaka 2006. Alikutafuta sana."

"Inna lillahi." Akanyamaza. "Kofi lake mimi bado nalisikia."

"Kofi gani?"

"La asubuhi ile. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe mkononi." Akaweka kiganja kwenye shavu la kushoto.

Sikumbuki kofi. Nakumbuka mjomba akizungumza kwa sauti ya chini, akimhesabia fedha yake ya siku tano, na Shaibu akiipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa ndani, nyuma ya meza, sina kikombe. Hilo ningeliapia, na nilipotaka kumwambia hivyo ulimi ukagoma. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Shavu ni langu." Hakukuwa na mtu wa tatu wa kumuuliza. Wa tatu tumemzika.

Akasimama, akaishika baiskeli yangu, akainyanyua nyuma na kulizungusha gurudumu. Akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Gololi moja haimo, upande wa cheni."

"Zimo zote tisa," nikamwambia. "Nimezihesabu mwenyewe mwezi uliopita, nikazipaka grisi moja moja."

Hakubishana. Alichukua spana, akalegeza nati, akalitoa gurudumu, akafungua ule upande na kuzimimina juu ya kipande cha boksi. Alizisukuma kwa ncha ya bisibisi, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti kama anamfundisha mtoto. Ikaishia nane. Nikainama nizitazame vizuri, kwa macho yote mawili.